Kuelewana kwa Wanunuzi

Tlawi, 3 Agosti 2024

Mwanangu Evaline,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, ila goti langu ni lile lile. Kitunguu saumu kimekauka vizuri. Shida ni wanunuzi: wote watatu wanataja bei moja, ya kutuumiza. Ukimkataa Gidabuday, Vicent anakutajia ile ile. Wewe unasoma sheria, je, hakuna sheria ya mambo haya? Nijibu mapema, kitachipua stoo tukose vyote.

Shangazi yako,
Efrazia

Morogoro, 10 Agosti 2024

Shikamoo shangazi,

Pole na goti. Sheria ipo, ni ya ushindani: wafanyabiashara hawaruhusiwi kupatana bei. Nimekutolea kopi, ni ya Kiingereza, nimempa kondakta wa basi. Kurasa za mwanzo ziruke, ni maana za maneno tu. Anzia nilipoweka alama ya penseli. Ila nisikudanganye: bila mkataba wa maandishi, hamna kesi.

Binti wa kaka yako,
Evaline

Tlawi, 29 Agosti 2024

Marahaba mwanangu,

Kopi imefika. Sikuruka. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, nitajuaje pa kuruka? Nasoma mistari mitatu kwa siku, na kamusi niliyoazima kwa mwalimu Cyprian.

Huko mwanzo wameeleza neno “agreement”, yaani mapatano. Wanasema “understanding” nayo imo, iwe kwa maandishi au kwa mdomo. Kamusi ikasema hiyo ni kuelewana. Nikashtuka! Padri anatuhimiza kila Jumapili tuelewane, serikali inakataza? Nikarudia siku mbili. Kumbe wanaokatazwa ni wale wanaotakiwa kushindana. Na hawa wetu wanaelewana waziwazi, wakinywa chai mgahawani kwa Marieta, kabla ya soko. Marieta amewasikia na yuko tayari kusema. Nimekosea wapi?

Shangazi yako,
Efrazia

Morogoro, 5 Septemba 2024

Shikamoo shangazi,

Goti linaendeleaje? Hujakosea popote. Nimekosea mimi. Mwaka wa tatu huu nasoma sheria, na zile kurasa nimekuwa nikiziruka. Nimeona aibu, halafu nimejivunia wewe mpaka nimewasomea barua yako wenzangu bwenini. Nimekuandalia malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Weka sahihi, ambatisha maneno ya Marieta.

Binti wa kaka yako,
Evaline

Tlawi, 28 Septemba 2024

Marahaba mwanangu,

Goti limepoa kidogo. Malalamiko yamekwenda, majibu bado. Lakini siku ya soko niliingia kwa Marieta, nikawasomea wanunuzi ule mstari wa kuelewana kwa sauti, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili. Vicent aliacha chai yake mezani. Soko lililofuata alikuja na bei yake mwenyewe, nzuri, na Gidabuday ikabidi apandishe yake. Tumeuza kabla hakijachipua.

Kamusi nilimrudishia mwalimu, akakataa kuipokea. Amesema ni yangu.

Sasa nitumie sheria ya ardhi, yote. Penseli yako kaa nayo huko huko.

Shangazi yako,
Efrazia