Kijapani cha Shemeji Kamugisha

Ijumbi, Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, kahawa haikauki, na moyo wangu hauko sawa.

Tangu shemeji yangu Kamugisha arudi kutoka vitani Burma, anafundisha Kijapani uani kwake. Wakulima wazima, wake kwa waume, wanakwenda baada ya ibada. Hana kitabu wala ubao. Anainua kitu, anakitaja, nao wanaitikia. Anasema alijifunza hivyo hospitalini huko Burma, kwa mateka wa Kijapani aliyelazwa kitanda cha pili.

Mimi sikumwamini.

Nilimwuliza maneno ishirini, nikayaandika. Wiki tatu baadaye nikamwuliza tena, nimeyachanganya. Hakukosea hata moja. Nikazidi kumshuku, maana mwongo hodari hukariri.

Jumatano nikamwandikia mkaguzi wa shule, Bukoba: kuna mtu anafundisha lugha ya adui, tena ya kubuni.

Leo nimeteremka Kemondo kumtafuta Ishengoma, mvuvi wa Bumbire. Naye alikuwa Burma, akilinda mateka wa Kijapani, lakini kikosi kingine. Yeye na Kamugisha hawafahamiani. Nikamwuliza maneno yale yale. Maji, mizu. Mkono, te. Yote yakalingana mpaka tulipofika kwenye mchele.

"Kome," akasema.

Nilifurahi. Naona haya kuliandika hilo. Nikamwambia kuna mtu kaniambia ni gohan.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto. "Gohan ni ukishapikwa. Kwani kwako, Mwalimu, mchele na wali ni kitu kimoja?"

Nikapanda kurudi nikimwaza Kamugisha. Mgonjwa kitandani angeuona wapi mchele mbichi? Aliletewa wali, akafundishwa jina la wali.

Hakudanganya.

Acha niseme kweli hapa. Wanafunzi wangu wako mwaka wa tatu wa Kiingereza, na nikiinua kikombe wanatazama chini. Wakulima wa Kamugisha wanacheka na kujibu. Nilishuku maneno yake kwa sababu somo langu haliendi.

Barua imeshafika. Jumatatu nitakwenda Bukoba kumweleza mkaguzi kwamba nilikosea. Lakini kesho naanzia kwa Kamugisha, nimwambie mwenyewe kabla hajaitwa bomani. Dada yangu atakuwepo, atasikia kila neno nililoandika juu ya mumewe.

Watanikaribisha ndani, au nitasimama mlangoni?