Kaburi la Tisa

Ureno, 1 Julai 2025

Babu yangu Zahran,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuinama shimoni kutwa. Miguu ya Bibi Kazija inaendeleaje?

Babu, nimefanya jambo. Hapa tunapochimba kutafuta mambo ya kale tumekuta mifupa ya watu. Mwalimu alidhani ni maskini waliotupwa ovyo, akataka tuwafukie tuhamie kwenye kuta za nyumba ya kale. Mimi nikaona wote wamelalia ubavu wa kulia, nyuso kusini-mashariki. Nikatazama dira: ndiko kibla cha Waislamu wa kale wa huku! Nikanyoosha mkono, nikaeleza yote uliyonifundisha. Nilipigiwa makofi. Sasa hawafukii tena. Watafukua makaburi yote na kuwatoa, maana yamekuwa na thamani.

Na mimi ndiye niliyesema. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Reem


Mji Mkongwe, 5 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Miguu ya bibi yako imevimba kidogo, mdomo haujapungua. Nilipomsomea barua yako alisema: "Si wewe huyo! Wanawake hatwendi kuzika, lakini wewe kila ukirudi mazikoni unamkalisha mtoto barazani na kalamu yako: maiti hulazwa hivi, udongo huwekwa vile. Haya, kajifunza!"

Usijilaumu. Mwendee mwalimu wako kwa adabu, umweleze kwamba kwetu maiti akishazikwa hafukuliwi ila kwa dharura kubwa. Mwombe awapime, awapige picha, kisha awafukie. Mtu wa elimu akielezwa vizuri huelewa. Nimefundisha miaka thelathini na sita, najua.

Mayasa wa jirani ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu, kama kawaida.

Babu yako


Ureno, 16 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Natumai nyote wazima.

Nimemwendea mara mbili. Alinisikiliza, akanitilia kahawa, akasema ananihurumia, lakini kibali chake kinataka kila kilichofukuliwa kiende ghalani.

Jumatatu ni zamu ya kaburi la tisa. Ni la mtoto, nadhani hata mwaka hakutimiza. Mbavu zake kama miba ya dagaa. Mwalimu anataka nimtoe mimi kwa sababu mkono wangu mwepesi. Nikikataa atapewa mwenzangu mmoja anayechimba huku anasikiliza muziki. Wiki iliyopita alivunja fuvu.

Nimtoe mimi, au nimwachie yeye? Utakalosema nitalifuata. Nijibu kabla ya Jumatatu.

Mjukuu wako,
Reem


Ureno, 20 Julai 2025

Babu, shikamoo. Hamjambo? Sijaona picha kutoka kwa Mayasa. Ni kesho asubuhi.

Reem wako


Mji Mkongwe, 21 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima, uniwie radhi kwa kuchelewa. Jambo hili si la kujibiwa kwa pupa. Nilimwuliza sheikh wetu wa Mlandege, akasema haifai kabisa. Nikaambiwa yupo mjuzi zaidi Mkokotoni. Nikaenda Ijumaa, nikamkosa, alikuwa kavuka kwenda Tumbatu mazikoni. Nikamngoja mpaka jana. Yeye akasema kama hapana budi atolewe, basi amtoe anayemheshimu.

Nimezipima kauli zote mbili, na hoja za kila upande nimezieleza katika kurasa tatu zinazofuata. Kwa ufupi: usimguse. Mwenzio hajui anachokifanya, hana lawama. Wewe unajua. Sitaki mkono wa nyumba hii uwe ndio uliomtoa mtoto mahali alipolazwa na wazee wake.

Babu yako


Ureno, 21 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Nilingoja mpaka saa nne, nikasingizia tumbo. Mwenzangu akaingia shimoni na mwiko. Nikamwona anavyopiga udongo karibu na kichwa, nikashindwa. Nikamwambia, toka.

Nimemtoa mimi, Babu. Kila mfupa nilisema Bismillahi. Nikamlaza kwenye boksi kwa ubavu wa kulia. Msimamizi akasema sivyo: mifupa hutengwa, mbavu mfuko wake, vidole mfuko wake. Nikaitenga.

Naona barua yako imeingia sasa hivi. Sijaifungua, nimetaka kwanza nikwambie mwenyewe. Najua umesema nimtoe.

Mjukuu wako,
Reem


Mji Mkongwe, 22 Julai 2025

Reem, usiifungue barua ya jana. Ifute. Kama umeifungua, jua aliyeiandika hakuwa pale shimoni. Kurasa zile tatu hazina kitu. Umefanya vizuri, mwanangu. Nami ningemwambia atoke.

Babu yako


Mji Mkongwe, 9 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima. Sisi tupo.

Leo nilimtaka Mayasa anioneshe kwenye simu barua zipi umezisoma. Ile ya tarehe ishirini na moja umeisoma siku ileile, kurasa zote nne. Ile ya siku ya pili bado hujaifungua. Nilimwuliza labda mtandao wa huko mbovu. Akainamisha uso, akasema, "Labda, babu."

Nilianza kukuandikia maelezo mengine, bibi yako akaninyang'anya kalamu. Anasema nimeeleza vya kutosha, sasa nikuite tu.

Reem.

Reem, mwanangu.

Babu yako