Bibi Wawili Ndani ya Kamera

Jumamosi, Julai. Jua linawaka lakini halina joto, na upepo wa Sumbawanga unapenya hadi kwenye mifupa. Moyo wangu haujatulia tangu juzi.

Juzi Bibi, mama yake mama, alinipa kazi nisiyoitaka. Alipanda huku kutoka Kirando kuja kupima presha, na Jumatatu anarudi ziwani kwenye joto lake. Aliiona kamera ya filamu niliyoachiwa na baba mdogo, aliyekuwa na studio hapa mjini kabla simu hazijamfungia biashara. Akasema anataka nimpige picha ya msiba wake.

Hivyo hivyo, huku akipuliza chai.

Babu alipofariki hatukuwa na picha yake ya peke yake. Tulimkata kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, kwa hiyo picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuwa na mkono wa mtu tusiyemjua, umemshika bega. Watu walilia, na wengine walicheka kichinichini. Bibi hajasahau. "Mimi sitaki kusindikizwa na mkono wa mtu," alisema.

Nilimjibu kwamba kamera ni mbovu. Haukuwa uongo. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unakiona kitu kimoja mara mbili, na unazungusha lenzi mpaka picha hizo mbili zikutane. Hapo ndipo unajua umelenga sawasawa. Hii yangu ulengaji wake ulikuwa umehama. Kitu cha mbali kilibaki pacha hata lenzi ikifika mwisho.

Akasema basi niitengeneze. Leo asubuhi nikaifungua, nikaipata skrubu ndogo chini ya kifuniko, nikachukua bisibisi ya kukazia miwani. Kwanza nilipima kwa kulenga tangi la maji la jirani. Nilikosea, tangi liko karibu mno, nikazidi kuharibu. Nikahamia mnara wa simu ulioko kule kilimani. Nageuza kidogo, nachungulia, minara miwili. Nageuza tena. Kabla ya mchana ukawa mnara mmoja, umesimama wima.

Kamera imepona. Nikairudisha skrubu nyuma.

Naandika hili kwa aibu. Niliilegeza makusudi, nikaanza upya, nikailegeza tena. Maadamu kamera ni mbovu, hakuna picha ya msiba, na akili yangu ya kitoto ikaona kwamba bila picha hakuna msiba. Nampenda huyu bibi kuliko ninavyoweza kumwambia usoni.

Naye muda wote huo alikuwa ameketi uani kwenye kiti, kitenge kipya, sweta langu juu yake, anatetemeka.

"Mume wangu," akaniita, kwa utani wake wa siku zote, "unatengeneza hicho kidude, au unataka nife hapa hapa kwenye kiti?"

Nikaiweka skrubu pale ilipotakiwa. Nikafunga kifuniko.

Akavua sweta, akakaa vizuri. Ndani ya kidirisha walikuwapo bibi wawili, mmoja amejitokeza begani kwa mwenzake. Nikazungusha lenzi polepole mpaka wakawa mmoja. Alikuwa amekunja uso, maana picha ya msiba haichekewi. Nikabonyeza.

Akanyoosha mkono aione.

Nikamweleza kwamba hakuna cha kuona. Filamu lazima kwanza iishe, ndipo ipelekwe Dar es Salaam kusafishwa, kisha picha zirudi kwa basi. Alinitazama kama nimemuuzia dagaa wenye mchanga.

"Yaani nisubiri?"

"Usubiri, Bibi."

Akalivaa tena sweta, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Haya. Sifi kabla sijaiona," akasema, akaingia ndani kuota moto.

Nimebaki na kamera mapajani. Filamu bado ina nafasi nyingi. Nikipiga moja moja tu, kwa kujivuta, itaisha lini?