Mbuzi Ametoka Vizuri

Jumatano, 30 Aprili
Siku ya tatu bila lenzi za machoni. Daktari wa macho anataka wiki mbili kamili kabla ya kupima kama nafaa kurekebishwa macho kwa leza. Kwa hiyo miwani, ile nene, inayonifanya nionekane mwalimu wa hesabu. Pua inauma. Nikiinamia kamera, kioo kinagonga kioo. Na lenzi hazirudi tena, macho yamezikataa. Mara mbili mwaka huu yamevimba kama ya mtu aliyepigwa. Ni leza au miwani hii hadi uzee.
Jumamosi napiga picha harusi ya Upendo, Machame. Nilitakiwa kuikataa. Kiburi.

Jumamosi, 3 Mei
Rasharasha tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Chini ya turubai watu wamejaa, mvuke wa vyakula kila upande. Miwani ikaziba. Nafuta, inaziba. Wakati wa ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, ulipofika nikaivua, nikaitia mfukoni, nikaiachia kamera ilenge yenyewe. Baba yake Upendo anaumwa siku nyingi. Walimbeba na kiti chake hadi mbele kwa ajili ya hilo tu: bibi harusi akate nyama ya yule mbuzi, amlishe baba yake. Akamlisha. Vigelegele. Mzee alitabasamu, nadhani. Mimi niliona rangi tu.

Jumapili, 4 Mei
Sikwenda kanisani. Picha kumi na moja za mzee na ndafu. Kamera imemlenga mbuzi. Zote kumi na moja. Mbuzi wa kubanikwa, majani mdomoni, unaweza kumhesabu meno. Nyuma yake mzee ni moshi. Nimejaribu kumtoa ukungu kwa kompyuta, akazidi kuharibika.
Miaka kumi na minne ya kazi hii. Mjinga mkubwa mimi.
Nimemtumia Upendo za kanisani kwanza. Za ndafu nimesema bado nazisafisha. Uongo.

Jumatatu, 12 Mei
Nimepimwa. Kidevu kwenye chuma, tazama taa, usipepese. Daktari akanionyesha vipimo. Kioo cha mbele cha jicho langu ni chembamba, na leza inakipunguza tena. Naweza kutoka naona vizuri. Naweza kubaki na ukungu ambao miwani yoyote haiondoi. Hanikatazi, hanishauri. Wakifanya, ni Dar, na hakuna kurudisha nyuma.
Nilitaka aniamulie. Kwani nilimfuata kwa nini?

Jumatano, 14 Mei
Nimechukua nafasi Dar, Jumatatu ya tarehe 26. Mama huko Rau amekasirika. "Mwanangu, unaona kidogo, sasa unataka usione kabisa?" Nikamjibu vibaya. Yeye hajui kazi yangu. Baada ya Machame sina njia nyingine.

Ijumaa, 16 Mei
Baba yake Upendo amefariki alfajiri. Upendo kanipigia mwenyewe, sauti imekauka. Anataka ile picha ya ndafu, waiweke juu ya jeneza na kwenye ratiba ya ibada. Mzee hakuwa na picha nyingine ya karibuni. Tangu augue alikataa kupigwa. Aliikubali ile moja, kwa ajili ya harusi.
Nikasema sawa. Nimesema sawa! 

Jumamosi, 17 Mei
Nimepanda Machame na picha zote kumi na moja kwenye simu. Sikutaka kumwambia kwa maneno matupu. Upendo alizipitisha moja moja, akarudi mwanzo, akazipitisha tena. Halafu akasema taratibu, "Mbuzi ametoka vizuri, dada." Hakunitukana. Akanirudishia simu, akaniletea chai. Niliinywa kwa aibu, mpaka mwisho.

Jumanne, 20 Mei
Mazishi. Nilikaa nyuma, bila kamera. Juu ya jeneza waliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa, mzee kijana wa miaka arobaini, wajukuu wanaulizana ni nani. Walipoitwa kuweka mashada nilivua miwani makusudi, niangalie. Wote moshi. Mjane, watoto, mchungaji, msalaba. Ndivyo nitakavyoona leza ikienda vibaya, na mfukoni hakutakuwa na kitu cha kuvaa. Nikaivaa haraka. 
Nalia kwa ajili yangu kwenye msiba wa mtu. Aibu nyingine.

Alhamisi, 22 Mei
Nikienda, naweza kupofuka nusu. Nisipoenda, nitaharibu sherehe ya mwingine. Nimeyageuza hayo mawili siku nzima na hayageuki. Kamera haina kosa. Ile harusi niliichukua nikijua miwani inanisumbua.

Ijumaa, 23 Mei
Nimepiga simu Dar. Siendi. Dada wa mapokezi akauliza anihamishie tarehe gani. Nikamwambia asihamishe.
Si ujasiri. Ni woga.
Mchana nilichukua wembe na maji ya sabuni, nikabandua maandishi kwenye kioo cha studio yangu. Harusi, kipaimara, sendoff. Gundi ni ngumu, imenichukua saa mbili. Jirani wa mtaa wetu huu wa Soweto akadhani nahama. Nimebakiza picha za pasipoti. Mteja anakaa kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwangu, hatikisiki. Kwa umbali huo bado namwona mtu.