Saa Kumi na Sita Kutoka Toronto

Mohoro, Rufiji
Ijumaa

Kwako kaka yangu Saadi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, wifi Rukaya na watoto. Naomba Mungu baridi ya huko isiwe imewazidi. Huku tu wazima, mpunga tumeshavuna, na mjomba Sadala uvimbe wa mguu umepungua. Mimi nakula, nafagia, nalala. Tangu mama azikwe sijalia, na majirani wameanza kuniangalia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za theluji.

Jumapili ile mama alipokata roho alfajiri, uliniambia unapanda ndege saa tisa alasiri kwa saa zetu, tukusubiri umtie mama udongo. Wazee hawakutaka, walisema maiti hacheleweshwi. Nikafungua simu, nikaandika uwanja wa Toronto na uwanja wa Dar. Ikaleta kilomita elfu kumi na mbili na mia nane, mwendo wa saa kumi na sita. Nikawasomea barazani. Mjomba akahesabu kwa vidole, akaongeza saa tano za gari mpaka hapa, akasema basi, Jumatatu baada ya swala ya adhuhuri. Mama akalazwa chumba cha maiti, Utete.

Hatukujua kuwa simu imepima mstari ulionyooka, na kwamba ndege ya kuja moja kwa moja hivyo haipo. Ulipofika saa nne usiku tulikuwa tumeshamzika. Ukanishika mikono ukaniomba radhi, ukaniuliza kama ujumbe wako ulifika, nikasema haukufika. Mpaka leo ukoo mzima unailaumu simu yangu. Jirani yetu Mwanawetu, wa nyumba ya pili, ananishauri niitupe.

Kaka, ujumbe ulifika. Jeneza lilikuwa uani, watu wanatia udhu. Ulisema uko Adisi Ababa unabadili ndege, tuvute subira mpaka usiku. Mjomba akatuma mtu kuniuliza kama una habari yoyote, maana alisema akijua ulipo atawatuliza wenzake wangoje. Nikajibu sina habari yoyote, mtandao hakuna. Kisha nikaufuta ujumbe wako.

Miaka sita nimemwogesha mama, na kila nikimwogesha aliniuliza Saadi anakuja lini. Hata siku moja hakuniuliza mimi nimekula nini. Nilitaka siku ile awe mama yangu peke yangu. Wanaume wakamnyanyua wakatoka naye, nami nimekaa mkekani na wanawake, sikusikia uchungu wala raha. Mpaka sasa sisikii.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Mjomba anakusalimu, hajui ninachoandika. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu uache kuwaambia watu kwamba ulichelewa kumzika mama. Hukuchelewa, nilikuzuia.

Ni mimi mdogo wako,
Swaumu