Pini ya Gari Namba 41

Modena, 3 Februari 1988

Baba mpendwa,

Natumaini kifua kimetulia na baridi ya huko mlimani haikuonei. Sisi wazima.

Wakubwa wa kiwanda cha Scarabelli wamenikabidhi gari namba 41, lile lililomuua dereva wetu Learco kwenye mbio za mlimani mwaka 1955. Wanataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani: mitungi sita, kabureta tatu, bodi ya kugongwa kwa nyundo. Michoro ya usukani imepotea. Wewe ndiye uliyeufunga. Niandikie vipimo unavyokumbuka.

Binti yako,
Nives

Modena, 1 Machi 1988

Baba,

Shikamoo tena. Wiki nne hujajibu. Mama kasema kwenye simu kwamba huli, na kwamba barua yangu umeificha chini ya redio. Nimekosea wapi?

Binti yako

Fanano, 6 Machi 1988

Nives mwanangu,

Kifua hakijambo. Kisichokuwa sawa ni kingine.

Liache hilo gari. Wote waliokuwa kwenye kona ile ya ajali walisema Learco alizungusha usukani na gari halikumfuata. Jioni yake nilivua ovaroli nikakuta pini mfukoni, ile inayozuia nati ya usukani isilegee. Sikumwambia mtu. Nikaomba kuhamishwa idara ya mbio, nikafunga giaboksi hadi kustaafu. Argia, mke wake, akinisalimu sokoni navuka barabara. Sasa unajua. Ukitaka kuwaambia wakubwa wako, waambie.

Baba yako,
Dorino

Modena, 15 Machi 1988

Baba yangu,

Kaa kitini kwanza ndipo usome.

Lakiri ambayo mahakama ililifungia gari nimeikata mwenyewe; hakuna aliyeligusa gari tangu ajali. Pini zote mbili za usukani zipo mahali pake, zimeshikana na nati kwa kutu. Kilichokatika ni mkono wa usukani, kile chuma kinachogeuza gurudumu. Nusu ya mkato ni laini na nyeusi, ufa wa siku nyingi ndani ya chuma. Nusu nyingine imechanika siku ile. Jicho lisingeuona. Wakati ule walidhani umevunjika gari lilipogonga mwamba.

Na ile ya mfukoni? Baba, mimi hapa ninazo nne kwenye ovaroli. Nani asiyetembea nazo?

Binti yako

Fanano, 2 Aprili 1988

Nives,

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipaswa kufurahi, lakini natembea humu ndani kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba sikuiweka. Mama yako anasema, "Dorino, kama pini ipo, basi uliiweka." Ni rahisi kwake.

Jumapili nilikwenda kwa Argia. Alifungua mlango.

"Umepotea njia?" akasema.

Nikamwambia yote, pini na ufa. Akasema, "Mimi nilidhani unanichukia. Asubuhi ile niligombana na Learco, akaondoka bila kifungua kinywa. Nikajua umesikia, ukasema huyu mwanamke ndiye aliyemvuruga akili."

Sikuwahi kusikia lolote. Tumekuwa tukikimbiana bure, mwanangu, miaka yote hii katika mji wenye kanisa moja.

Akanimiminia kahawa. Ndipo akauliza, "Wewe ndiye wa mwisho kusimama naye. Alikuwaje? Bado alikuwa na hasira?"

Nikamwambia alikuwa anacheka, na kwamba alimtaja yeye, Argia, kwa jina kabla hajavaa miwani ya mbio.

Akalia, akanishukuru, akanifungia keki ya chestinati, zile kokwa za milimani, nimpelekee mama yako.

Nives, sijui kama alicheka. Miaka thelathini na mitatu nimeikumbuka mikono yangu tu ikifunga usukani. Nikijaribu kuuona uso wa Learco asubuhi ile, hakuna kitu. Argia ananialika tena Jumapili, anataka nimsimulie zaidi. Niambie nifanye nini.

Baba yako