Mchango wa Nyumba Yetu

Kaloleni,
Kisumu.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Muchiri,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Miguu yako inaendeleaje ndani ya hivyo viatu vya jeshi? Sisi huku tu wazima, ila Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, na anataka kujua kama mnapewa chakula cha kushiba au ni biskuti tu. Mjibu yeye kwanza, la sivyo hatanipa amani.

Barua yako aliileta mke wa mwenzako mwezi jana. Niliisoma nimesimama dukani. Kumbe hutarudi Desemba, kwa sababu nchi zilizoahidi kutuma askari wa kuwapokea zamu hazijatuma hata mmoja! Na Mama alishaanza kunenepesha mbuzi wako. Sikumwambia hadi alipomaliza kula.

Tangu siku hiyo nagombana na redio ya dukani. Kila jioni wataalamu wanabishana nani amechangia hilo jeshi lenu la ulinzi wa pamoja na nani amekunja mikono. Wengine wametoa pesa, wengine wametoa watu, wengine wametoa hotuba. Nimezitukana nchi ambazo hata sijui ziko upande gani wa dunia.

Sasa nikuambie jambo la aibu, maana wewe ni wa tumbo moja nami. Pale Mamboleo penye duka langu tuna mlinzi mmoja wa maduka yote, Mzee Waliaula, na kila duka humchangia. Mimi tangu uondoke sijatoa kitu. Nilimwambia mwenyekiti wetu, Aoko, kwamba nyumba yangu imetoa ndugu anayelinda mataifa, basi mchango wangu uko huko. Wenzangu waliniachia kwa heshima, nami nikajiona mjanja.

Wiki jana Aoko alinikuta nikiikaripia redio. Alicheka hadi akashika mlango.

"Mama Wendy, hizo nchi unatukana, si ni wewe tu?"

Nilikasirika, nikaenda kwa Mzee Waliaula mwenyewe anitetee. Ndipo nilipojua kwamba pengo langu halikuzibwa na mtu. Lilikuwa likikatwa kwenye mshahara wake. Miezi kumi na minne amelinda mlango wangu bure! Nilipoona aibu inanipanda nikaanza kumweleza habari zako, jinsi nilivyokutoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi nilitoa, Mama," akasema. "Nicodemus, kijana yangu ya kwanza. Alienda na hiyo jeshi ya pamoja. Hakurudi."

Muchiri, nililia mbele ya mzee wa watu. Muda wote huo alijua ninachojigamba nacho, wala hakuwahi kunijibu. Nimemlipa yote, na siku hizi kabla sijafunga duka nampelekea uji wa wimbi kwenye chupa ile yako ya chai. Ameniomba nikuandikie kwamba yeye anachunga mlango wetu, wewe uchunge kichwa chako.

Wendy wangu anakusalimu, amepita mtihani wa hesabu na anadai uliahidi kumpa zawadi. Baba mdogo Kiragu anakusalimu kutoka Muhoroni. Aoko naye anakusalimu, ingawa bado ananicheka. Mama naye anakusalimu kwa njia yake. Kila asubuhi humtazama yule mbuzi na kulitaja jina lako katika sala. Mungu akuzingire pande zote, hata zile ambazo wenzenu wameziacha wazi.

Nilikuwa nikisema nimekutoa. Nilikosea, mdogo wangu, na nisamehe. Wewe hutolewi. Hao wakubwa wako niliwakopesha tu, na dawa ya deni ni kulipa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokugombeza,
Wangui